Chupa 11 zilipasukia kwenye basi: jinsi ya kutuliza pombe inayochachuka kwa fujo kabla hujaituma kwa mteja

Leo sina cha kujisifu. Nataka niwaambie hasara niliyopata, ili wewe unayetengeneza waini ya ndizi, waini ya choya, mbege au hata juisi ya tangawizi nyumbani na kuiuza kwa simu usije ukaipitia.

Mimi naishi Kikwe, huku Arumeru, chini ya Mlima Meru. Ndizi huku hazina shida; nikikosa za jirani naenda soko la Tengeru siku ya gulio nazipata. Nilianza kwa ndoo moja ya lita 20. Nikapiga picha nzuri, nikaweka status, watu wakaanza kuuliza bei. Miezi minne hivi nikawa na wateja mpaka Moshi na Dar.

Januari mwaka ule nikapata oda ya chupa 24 ya send-off, Dar. Chupa moja 8,000, jumla 192,000, na mteja alilipa yote kabla. Nikapanga chupa kwenye maboksi mawili, nikatandika magazeti, nikafunga kamba, nikapeleka kwenye basi alfajiri. Mchana utingo akanipigia simu wakiwa Korogwe. "Mama, mzigo wako unalipuka huku chini. Umeweka nini humu?"

Chupa 11 zilipasuka. Mabegi ya abiria yalilowa. Na yule kijana alipoingiza mkono kuvuta boksi, chupa nyingine ikapasuka, kioo kikamkata kidole. Alishonwa nyuzi nne. Kila nikikumbuka nawaza: ingekuwa jicho je?

Hesabu yangu siku ile: nilirudisha 192,000 za mteja, nikalipa 45,000 za kitenge cha abiria, nikatuma 30,000 za matibabu, na nauli ya mzigo 10,000 ikaenda bure. Jumla 277,000. Na mtaji wangu wote ulikuwa haufiki hapo. Mbaya zaidi sikuwa na leseni wala karatasi yoyote, kwa hiyo hata mdomo wa kujitetea sikuwa nao.

Nikarudi nyumbani, nikamweleza mama mkwe. Yeye amepika mbege maisha yake yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Mwanangu, mbege yangu huwa nafunika na nini?"

Nikamwambia, "Jani la mgomba, mama."

"Umewahi kuniona naziba?"

"Hapana, mama."

"Basi. Kitu kinachopumua hakizibwi mdomo."

Somo lote ni hilo. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini, na cha kufanya.

KWA NINI POMBE INAFANYA FUJO

Hamira ni vidudu hai, vidogo mno. Ukivipa sukari vinakula, na vikila vinatoa vitu vitatu: kileo, gesi ya kaboni, na joto. Wengi tunakumbuka kileo tu. Kinachovunja chupa ni gesi, na kinachoikimbiza gesi ni joto.

Shika hesabu hii moja. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, gramu 4 hivi, kikiliwa chote na hamira kinatoa gesi kama lita moja. Lita nzima, kutoka kwenye kijiko kimoja cha chai!

Sasa angalia kosa langu. Wateja walikuwa wananiambia waini yangu ni kali, wanataka tamu. Nikawa kabla ya kufunga kila chupa naongeza vijiko viwili vya chakula vya sukari, gramu 25 hivi. Hamira bado ilikuwa hai mle ndani. Gramu 25 ni gesi zaidi ya lita 6, ndani ya chupa ya mililita 750! Soda yenye ujazo huo haibebi hata lita 3 za gesi, na chupa ya soda imetengenezwa kwa kazi hiyo. Mimi nilitumia chupa za waini zilizokwishatumika, kioo chembamba, nikaziba kwa nguvu.

Wanaotengeneza Champagne kule Ufaransa huwa wanaongeza sukari kwenye chupa kwa makusudi ili ipate mapovu. Wao wanaweka gramu 24 hivi kwa lita, na chupa zao ni nene na nzito kuliko za waini ya kawaida. Mimi bila kujua nilikuwa nimewapita: gramu 33 kwa lita, kwenye chupa nyepesi, tena kwenye buti la basi lenye joto. Kuanzia Same mpaka Korogwe unajua mwenyewe jua lake. Nilituma mabomu, sikutuma waini.

KWENYE NDOO: MAMBO SITA YA KUTULIZA

1. Acha nafasi juu. Ndoo ya lita 20 usiijaze. Weka lita 13 au 14 basi. Ndizi ina povu jingi siku mbili za mwanzo, na povu likikosa pa kwenda linasukuma mfuniko. Mimi niliwahi kuamka nikakuta mfuniko uko chini na dari lina madoa.

2. Chuja vizuri. Vipande vya ndizi huwa vinapanda juu vinatengeneza kofia nzito, gesi inakwama chini yake. Siku ikipata upenyo inatoka kwa mkupuo. Chemsha ndizi zako, zipoe, chuja kwa kitambaa safi, ndiyo uweke hamira.

3. Punguza hamira. Zamani nilikuwa naweka vijiko vinne vya chakula kwenye ndoo moja, nikidhani nyingi ndiyo nzuri. Kwa lita 20, gramu 10 zinatosha, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyosawazishwa. Kwa zile lita 14, weka viwili. Hamira itaongezeka yenyewe, ndiyo kazi yake. Ukiweka nyingi kazi inafanyika kwa pupa na ladha inaharibika.

4. Gawa sukari. Usimwage yote siku ya kwanza. Weka nusu mwanzoni, nusu siku ya tatu fujo ikishapungua. Na hiyo ya pili usiimwage ikiwa kavu! Sukari kavu ikiingia kwenye pombe iliyojaa gesi inafumuka kama soda iliyotikiswa. Iyeyushe kwanza kwenye maji yaliyochemka, acha yapoe, mimina taratibu.

5. Tengeneza njia ya gesi. Nunua kipande cha mpira mweupe, ule mafundi ujenzi wanaoutumia kupima levo. Toboa mfuniko, pitisha mpira, ziba pembeni vizuri. Ncha ya pili iingize kwenye chupa yenye maji yaliyochemka na kupoa, izame sentimita mbili au tatu tu. Gesi inatoka, nzi na vumbi haviingii. Siku tatu za mwanzo tumia mpira mpana, kwa sababu mwembamba unazibwa na povu la ndizi, na ukizibwa umerudi kulekule kwenye bomu.

6. Poza ndoo. Joto zuri ni kama nyuzi 18 mpaka 24. Kikwe Juni na Julai hunisumbui. Kazi ipo Januari na Februari, hasa kama unapikia kwenye banda la bati. Tena kumbuka hamira yenyewe inatoa joto, kwa hiyo ndani ya ndoo kunaweza kuwa na nyuzi kadhaa zaidi ya chumba. Ikipita 30, fujo inazidi na waini inapata ladha ya kuchoma koo.

Friji kubwa huna, najua, na mimi sina. Weka ndoo kwenye beseni la maji, chini kwenye sakafu ya saruji, chumba kisichopigwa jua la mchana. Izungushie khanga iliyolowa, ncha ziwe ndani ya maji ya beseni ili ziendelee kunyonya. Kukiwa na joto sana, gandisha chupa mbili za maji za lita 1.5 kwa jirani mwenye friza, ziweke kwenye beseni asubuhi, badilisha mchana. Kwa siku tatu za mwanzo tu. Baada ya hapo inatulia yenyewe.

IKIANZA KUMWAGIKA SASA HIVI

Usiweke jiwe juu ya mfuniko. Nimeona watu wanafanya hivyo. Legeza mfuniko, acha gesi itoke, futa povu, punguza kiasi uhamishie kwenye ndoo nyingine safi, halafu poza. Usikoroge.

Kama tayari umeshafunga chupa na unaona vizibo vimevimba au moja imepasuka, hizo nyingine usizitikise. Toa watoto nje. Vaa glavu nzito na miwani, zifunike kwa blanketi au magunia, zipoze kwenye barafu saa kadhaa, halafu fungua moja moja taratibu, mdomo wa chupa ukielekea mbali na uso wako. Ni hasara, ndiyo. Hospitali ni hasara zaidi.

UTAJUAJE IMEMALIZA?

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. "Haitoi tena mapovu, imemaliza." Hapana. Usiku wa baridi hamira inalala, mapovu yanakata. Ukifunga asubuhi ile, joto la basi linaiamsha. Na ukiiweka kwenye friji, hamira inalala tu, haijafa. Ikitoka kwenye friji inaendelea na kazi ilipoishia.

Kipimo cha uhakika ni haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Namba ikiwa ileile siku tatu mfululizo, na ni ya chini kama ulivyotarajia, kazi imekwisha. Kama bado huna, tumia njia yangu ninayoiita shahidi.

Chukua chupa ya plastiki ya soda, osha vizuri, jaza waini ya ndoo ileile, ibonyeze kidogo ili hewa ya juu itoke, funga kabisa. Iweke sehemu yenye joto la kawaida ndani ya nyumba siku 7. Kila siku ibonyeze kwa kidole. Ikiwa ngumu kama soda mpya, ujue bado inafanya kazi: fungua taratibu, rudi kusubiri. Ikibaki laini siku zote 7, basi endelea. Kila ndoo ina shahidi wake, nimeandika tarehe kwa maka peni. Hakuna chupa inayotoka kwangu kabla shahidi hajasema.

Kwa kawaida waini yangu inakaa wiki mbili mpaka tatu kwenye ndoo. Halafu naihamisha taratibu kwenye chombo kingine, mashapo yabaki chini, inakaa tena wiki tatu au nne.

NA WATEJA WANAOTAKA TAMU?

Uwape tamu, lakini uue hamira kwanza. Waini ikishamaliza kabisa, iweke kwenye sufuria ndani ya sufuria kubwa lenye maji, pasha taratibu mpaka nyuzi 65, ishikilie hapo dakika 20 mpaka 30. Usiiache ichemke, kileo kinaruka. Kipimajoto cha jikoni ni lazima hapa, usikisie. Hapo ndipo unaongeza sukari na kujaza kwenye chupa safi zilizopashwa joto, ikiwa bado ya moto, kisha unaziba. Usithubutu kupasha chupa iliyofungwa yenye gesi ndani. Na hata baada ya hapo, weka shahidi mwingine wa siku 7, maana mkono unaweza kukosea.

MBEGE JE?

Mbege ni habari nyingine. Unachanganya maji ya ndizi na uji wa kimea cha ulezi, na inanyweka ikiwa bado inachachuka. Haingoji imalize, ikimaliza imeshakuwa chachu na wenyewe hawaitaki. Kwa hiyo mbege ni bidhaa ya karibu. Mimi nauza Kikwe, Maji ya Chai na Usa River tu, siku ileile, kwa oda ya jana yake. Dumu halijai, mfuniko umelegezwa, linasimama wima kwenye bodaboda, na dereva nimemwambia wazi amebeba nini. Mtu wa Dar akiniuliza mbege namjibu, "Dada, hii haisafiri. Ukija Arusha nitakupikia. Ya kusafiri ni waini." Nimepoteza oda kadhaa kwa jibu hilo. Sijapoteza mteja.

BIASHARA YENYEWE

Kosa langu la kwanza halikuwa sukari, lilikuwa tarehe. Mteja alisema anataka Ijumaa, nikasema sawa, wakati ndoo ilikuwa na siku 12. Niliogopa kumpoteza. Nilijua moyoni haijatulia, nikajipa moyo eti mapovu yamepungua. Wewe unayeuza mtandaoni unaijua hiyo hofu: usipojibu haraka anahamia kwa mwingine.

Siku hizi sipokei oda kabla ndoo haijamaliza. Napost zilizopo tu: "Zipo chupa 18, zimekamilika, ziko tayari." Zikiisha naandika tarehe ya zinazofuata, na naongeza wiki moja mbele ya ninayodhani. Anayeweza kusubiri anasubiri.

Kwenye kila chupa kuna lebo: tarehe ya kutengenezwa, weka mahali pa baridi, si ya walio chini ya miaka 18. Kwenye boksi la basi naandika kwa herufi kubwa: CHUPA ZA KIOO, WEKA WIMA. Konda anajua, utingo anajua.

Na karatasi, jamani. Kuuza kileo kunahitaji leseni ya vileo. Huku kwetu nilianzia Halmashauri ya Wilaya ya Meru, pale Usa River. Masuala ya usalama wa chakula na vinywaji tangu 2019 yako TBS. Kama wewe ni mdogo kama mimi, pita SIDO kwanza, watakuelekeza kuhusu mafunzo na barua ya kwenda nayo TBS. Pia soma kanuni za WhatsApp na Facebook kuhusu vileo kabla hujajaza katalogi, usije ukaamka akaunti imefungwa na namba za wateja zimo humo humo. Namba zako ziandike pia kwenye daftari.

Yule utingo bado yuko barabarani. Kidole kimepona ila hakikunji vizuri, aliniambia mwenyewe. Mzigo wangu anaupokea, lakini kila mara lazima aulize, "Mama, huu umetulia?" Namwonyesha picha ya shahidi kwenye simu, ana kidole gumba juu yake, chupa inabonyea. Ndiyo anapakia.

Kama una ndoo inachemka leo nyumbani, nenda kaangalie mfuniko wako sasa hivi kabla hujaendelea na mengine. Ukikwama, niandikie hapo chini: lita ngapi, hamira kiasi gani, sukari kiasi gani, siku ya ngapi. Tutasaidiana.